Kahawa ya Mama Kaburu

Nilikuwa nachambua mrenda mume wangu alipoingia na habari: kesho mama mmoja Kaburu angemjaribu kazi ya upishi, na jaribio lenyewe ni kahawa tu.

Papo hapo aliteka mafiga yangu. Kwanza aliichemsha ndani ya birika, akatia maji baridi ili machicha yazame. Kisha akaichuja kwa kitambaa, jinsi Mwingereza wake wa zamani alivyopenda. Jirani yetu alionja zote mbili, akakunja uso.

"Mzee, hizi zote ni dawa ya minyoo."

"Wewe unajua chai tu!"

"Na huyo mama anapenda ipi?" nikauliza.

"Sijui."

"Si umuulize?"

"Mpishi haulizi! Ataniona mjinga."

Wasomaji, nawajua wapishi waliofukuzwa kazi pamoja na heshima yao yote.

Kesho yake jioni alirudi amekunja kwapani kanzu nyeupe ya upishi aliyopewa. Alikuwa ameuliza. Mama yule alicheka, akasema anataka ya birika, kama ya mamake.

Nikapakua ugali na mrenda, nikahesabu vichwa vya nyumba yetu: sita, wote wapo. Wa sita, bingwa wa kahawa, alikuwa anaulizia chai.