Mwaka wa Taa za Ghorofa

Ijumaa iliyopita, kazi ilipoisha mchana, nilitoka Al Barsha kwenda Mirdif kumtazama Bibi kama ilivyo ada yangu. Nilipofika nje ya nyumba nilipiga breki nikabaki nimeshika usukani, maana nilidhani nimekosea mtaa. Mbele ya geti ilisimama pikapu ya Kimarekani inang'aa kahawia mwanzo mpaka mwisho, bampa zimetiwa kromu kama kioo cha kujipakia wanja, na usoni ina taa mbili za mviringo. Kaka yangu alikuwa amesimama pembeni yake, meno yote nje.

"Umeionaje?" akaniuliza hata sijashuka vizuri.

"Nzuri," nikamwambia. Na ilikuwa nzuri kweli, sikumwongopea.

Lakini ngoja kwanza nikurudishe nyuma, rafiki yangu, maana bila ya hayo utaniona mtu wa kulalamika bure, na kulalamika ninako kwingine kwa kutosha.

Babu yetu alikuwa fundi magari. Alitoka Unguja kijana, akaja kujifunza kazi hapa Dubai, na mpaka anakufa Kiarabu chake kilikuwa cha gereji na Kiswahili chake cha mtaa wa Ng'ambo kule kwao. Pikapu yake aliinunua ikiwa imeshatumika. Ilikuwa ndefu, mbele ina kiti kimoja kama kochi cha kukaa watu watatu, na mkono wa gia uko juu kwenye usukani. Ukiiwasha asubuhi, nyumba nzima inaamka, na kuku wa jirani pia.

Huyo jirani, ukuta kwa ukuta na sisi, alikuwa Mwarabu wa hapahapa mwenye maradhi ya pikapu. Kila mwaka, toleo jipya la Marekani likiingia mjini, lazima alinunue, na lazima alilete kwanza kwa Babu kabla hata hajamwonyesha mkewe. Alikuwa anakuja baada ya alasiri, anapiga honi, nasi tunatoka sote. Babu anatoka na kikombe chake cha kahawa, watoto tunatoka miguu mitupu, Bibi anasimama getini kashika buibui kwa meno, na vitumbua vinabaki vikiungua jikoni. Ilikuwa kama kwenda kumtazama bibi harusi. "Haya, tumwone mwaka huu kaja na sura gani," Babu alikuwa akisema, kisha anaizunguka polepole.

Kazi yetu watoto ilikuwa kukisia kilichobadilika. Anayeona mwanzo ndiye anayekula kitumbua cha mwanzo. Mwaka mmoja shoo ya mbele ilikuja na matundu ya miraba midogo kama trei ya mayai. Mwaka mwingine indiketa zilihama kutoka chini ya taa zikaenda ndani ya bampa. Mwaka mwingine hatukuona kitu kabisa, tukazunguka mpaka jua likakaribia kuzama, kumbe kilichobadilika ni kishikio cha mlango wa nyuma tu. Kaka yangu alilia siku ile, akasema Wamarekani wametucheza shere. Babu alicheka mpaka kahawa ikammwagikia kanzu.

"Hawa hubadilisha uso," alikuwa akituambia kila mwaka. "Mifupa ni ile ile."

Na hiyo mifupa ndiyo iliyokuwa neema yetu. Jirani alikuwa akiendesha jangwani kama aliyetukanwa na mchanga. Mwaka hauishi ila kapinda hiki au kavunja kile, na pikapu ikishapata mbadala wake, vilivyosalia vizima anamletea Babu. Babu anavifunga kwenye yetu, na vyote vinakaa, kwa sababu ndani ni gari moja. Kwa hivyo pikapu yetu ikawa na umri wa kila namna. Boneti ya mwaka huu, bampa ya mwaka ule, mlango wa dereva mweupe, wa abiria buluu, na mlango wa nyuma una mstari mwekundu na jina lililokosa herufi moja. Wenzetu shuleni walikuwa wakitucheka. Bibi alikuwa akitujibu kwa kumchungulia jirani juu ya ukuta na kunong'ona, "Usiache mbachao kwa msala upitao."

Huo mlango wa buluu una kisa chake. Ngamia alituparamia njia ya jangwani, akaubonyeza mlango wa Bibi mpaka ukawa hauwezi tena kufungika. Jirani akaleta mlango mzima wa pikapu ya karibuni, lakini miaka ile walikuwa wameshaanza kukiondoa kile kidirisha kidogo cha pembetatu cha mbele. Bibi akaukataa. Kidirisha kile ndicho alichokuwa akitupia kokwa za tende safarini, na alisema bila yake hapandi. Babu akahangaika gereji zote mpaka akaupata huo wa buluu, wa mwaka wa nyuma, wenye kidirisha. Tulikwenda nao kwenye harusi ya shangazi bila ya kuupaka rangi, kwa kuwa muda haukutosha, na baadaye hakuna aliyetaka kuupaka.

Siku za baridi, baada ya sala ya Ijumaa, tulikuwa tunakwenda jangwani. Nyuma kunatandikwa godoro, sufuria ya bokoboko imefungwa blanketi isipoe, mkaa kwenye gunia, na sisi watoto juu ya vyote hivyo, jambo ambalo leo polisi wangetukamata sote pamoja na bokoboko letu. Kabla ya safari ilikuwa zamu yetu kufagia mchanga nyuma na kutia maji kwenye rejeta, huku Babu akitupigia kelele tusifungue kifuniko kikiwa cha moto. Tulipita palipo na Al Warqa sasa. Wakati ule palikuwa mchanga na miti michache ya miiba, na ndege za uwanjani zilitupita juu ya vichwa, karibu kabisa. Ndege ikipita, mtu anaganda na neno lake mdomoni, ikishakwenda analimalizia. Mpaka leo watu wa nyumba yetu wana tabia hiyo ya kunyamaza katikati ya sentensi, na wageni hudhani tumesahau tulichokuwa tukisema. Bibi alikuwa mbele, akitupa kokwa zake moja moja kidirishani, akisema anapanda mitende. Leo Al Warqa ina mitende pande zote za barabara, na ukipita naye hukwambia ni yake.

Sasa nifike ninapotaka kufika. Bibi hakusoma ila chuo cha Kurani, na nambari za miaka ya Kizungu hazikupata kumwingia. Miezi ya Kiislamu aliijua kama vidole vyake, lakini miaka aliitaja kwa pikapu. Shangazi aliolewa mwaka wa mlango wa buluu. Mama yake Bibi alifariki Unguja mwaka wa trei ya mayai. Kaka yangu kazaliwa mwaka wa taa za mraba, zile za mviringo zilipoachwa. Mimi nilizaliwa mwaka uliofuata, Wamarekani walipoziweka taa mbili kila upande, moja juu ya mwenzake, na Bibi akaziita taa za ghorofa. Jirani alivunja upande mmoja kabla mimi sijatimiza siku arubaini. Babu akazifunga zilizosalia kwenye pikapu yetu, akatafuta za upande wa pili, na kioo cha taa ya juu, kilichokuwa na ufa, akakiziba kwa gundi. Nyumbani hakuna aliyesema nimezaliwa mwaka gani. Nilikuwa wa taa za ghorofa, basi.

Kisha ukaja mwaka jirani alipopiga honi, tukatoka, na Babu akazunguka ile pikapu mpya mara moja tu. Ilikuwa imelainika kila kona, milango imepanda mpaka juu. Akafungua boneti, akachungulia chini, akafuta mikono ingawa hakuwa ameshika kitu. "Mara hii wamebadilisha na mifupa," akasema. Hakuna chake kitakachokaa kwenye yetu. Tulikula vitumbua bila ya mashindano. Baridi ya mwaka ule ule Babu akafariki, na pikapu ikaegeshwa chini ya mkunazi uani, ikakaa hapo tangu hapo. Miaka iliyofuata Bibi hakuipa jina. Alikuwa akisema tu "baadaye".

Bibi sasa ni mkongwe na mambo yanamponyoka. Anamchanganya baba yangu na Babu, na mimi ananiita jina la shangazi, la mama, na siku moja la paka. Anaangaliwa na dada mmoja wa Kenya, mtu wa Kakamega, mpole na mcheshi, aliyekataa katakata kuacha kuniita madam. Yeye ndiye aliyegundua kwamba kila alasiri Bibi akipelekwa chini ya mkunazi akaishika ile pikapu, kumbukumbu zinarudi. "Madam, akishika tu hiyo gari, shosho anakuwa sawa kabisa," aliniambia. "Ananiambia stori mpaka chai inapoa." Na ilikuwa kweli. Akiupapasa mlango wa buluu, anakutajia waliocheza ngoma harusini. Akifika mbele, anainua kidole, anafuata ufa kwenye kioo cha taa ya juu, kisha ananigeukia. "Wewe wa taa za ghorofa," ananiambia, na ananijua mimi ni nani, na mama yangu nani, na kwamba sipendi maziwa kwenye chai. Jina langu lenyewe halikuwahi kurudi, na mimi sikulidai. Nilikuwa nikivuka mji mzima kila Ijumaa kwa ajili ya kidole kile.

Kaka yangu anaishi mbali zaidi, huja mara chache, na anampenda Bibi kwa namna ya wanaume wa kwetu, yaani kwa kutoa. Akataka kumfurahisha kabla hajafunga macho. Akaichukua pikapu akaipeleka karakana moja wanayotengeneza magari ya kale, wakamwambia gari ya zamani thamani yake ni kuwa orijino, kila kitu kirudishwe kama ilivyotoka kiwandani. Mimi aliniambia anaipeleka "kuoshwaoshwa". Bibi aliambiwa iko kwa fundi, akaridhika. Aliuliza tu fundi gani, maana fundi wa gari ile ni mmoja.

Basi Ijumaa ile Kaka akaiingiza gari uani, na Bibi akatolewa nje, kaegemea mkono wa dada wa Kenya. Kaka akafungua mlango wa abiria, wa kahawia, akainama kama dereva wa wafalme.

"Mashaallah," akasema Bibi. "Gari nzuri. Ya nani?"

"Ya Babu, Bibi. Ni ile ile."

Bibi akacheka kwa adabu, kama unavyomchekea mtoto wa mgeni. Kisha akatazama chini ya mkunazi, patupu, pana doa la mafuta tu. "Fundi hajaileta bado?"

Kaka akaniangalia, nikayaona meno yanarudi ndani moja moja. Akapiga simu karakana hapohapo, mbele yetu. Alitaka mlango wa buluu, taa, mlango wa nyuma, chochote. Nilimsikia yule mtu upande wa pili, sauti yake ya haraka haraka: "Skrepa, arbab. Khalas." Vyote vimeshakwenda kwenye chuma chakavu.

"Nitaagiza nyingine," Kaka akaniambia, simu bado mkononi. "Taa zile zile, za mwaka ule ule. Zipo Marekani, nimeziona. Wallahi nitaagiza."

Nilimwambia aagize. Zitakuja mpya ndani ya boksi, bila ya ufa. Bibi alizoea kutuambia majuto ni mjukuu, mwisho huja kinyume, na pale uani tulisimama wajukuu wawili wazima tunatazama doa la mafuta. Nilimkasirikia Kaka, kisha nikashindwa. Alitaka kurudisha gari ya Babu, akaifikisha mbali mno nyuma, mpaka kabla ya Babu kuishika. Jirani alishahama zamani na nyumba yake ni vila ya watu nisiowajua. Kitumbua cha mwanzo hakishindaniwi tena na mtu. Vyote hivyo nilikuwa nimeshavizoea, kwa sababu kila Ijumaa kuna mtu mmoja alikuwa akivihesabu kwa mikono yake na kunipa sehemu yangu.

Bibi alikuwa ameshafika mbele ya gari. Mkono ukapanda kutafuta taa ya juu, ukakuta bati laini, ukapapasa, ukashuka mpaka kwenye duara la kioo, ukatulia hapo. Ndege ikapita juu, tukanyamaza sote kama desturi. Ilipokwisha nikasogea, nikainama usawa wa uso wake.

"Bibi, ni mimi. Wa taa za ghorofa."

Akanitazama vizuri, kwa mapenzi hasa, kama anayetaka kunisaidia. Akazitazama zile taa za mviringo, mbili tu, kisha akanirudia mimi, akanishika shavu.

"Basi hujazaliwa bado, mwanangu."