Wapanda Farasi na Kikombe cha Kwanza

Barazani petu, Mji Mkongwe, muuza kahawa akifika baada ya sala ya alasiri, kikombe cha kwanza humpa mwenye hadithi. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo. Miaka na miaka kikombe kile kilikuwa changu mimi, mwalimu mstaafu wa historia, mpaka mwanafunzi wangu wa zamani aliporudi kutoka masomoni China.

Hata mtaa wetu si wake, anakaa Mbweni. Lakini alikuja, akanipa shikamoo yangu kwa adabu zote, akaketi, akaanza kusimulia vita vya wafalme wa kale wa China na wapanda farasi wa kaskazini, waliokuwa wakivuka mpaka kupora nafaka na mifugo. Watu wakaacha bao. Siku ya pili muuza kahawa akanipita, akampa yeye. Niliona wivu, wivu hasa, ule wa kukauka mate.

Nikadakia, "Si walijenga ukuta, mambo yakaisha?"

"Ukuta haukutosha, mwalimu wangu," akasema kwa upole. "Na jeshi likitoka, wale wanarudi nyuma makusudi. Jeshi linawaandama mpaka jangwani, chakula kinakwisha, ndipo wanapoligeukia."

Mwenzangu mmoja akacheka. "Leo mwalimu kasomeshwa."

Haya, nikasema moyoni, dawa ya moto ni moto. Na mimi nitarudi nyuma, wanifuate. Siku tatu sikutoka. Mke wangu akaniuliza kama naumwa, nikamwambia nshachoka na porojo za barazani. Kumbe kila alasiri niko nyuma ya dirisha, nasikiliza vikombe vikigongana, nangoja mtu apige hodi. Hakuja mtu.

Siku ya nne nikashindwa, nikatoka. Wote wakanigeukia wamenuna.

"Ulikuwa wapi wewe? Siku tatu katunyima mwisho wa vita, eti hamalizi mpaka mwalimu wake awepo. Na kuja kukugongea katukataza, kasema mzee aachwe apumzike."

Mwanafunzi wangu akainuka kunipisha. Akachukua kikombe cha kwanza, akanikabidhi kwa mikono miwili. Angekuwa na kiburi, ningepata pa kumchukia. Nikanywa taratibu huku akisimulia, na kila funda nilijua kwamba nimepewa na mwenye hadithi.