Tisa Iko Nyuma ya Arobaini?

Nikisikia mtoto mchanga akipiga chafya, mwanangu, huikumbuka siku moja ya mvua pale Kericho, mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa kijana wa kompyuta hospitalini, wa pekee, na kichwa kilinivimba kwelikweli.

Madaktari wa macho walikuja kuwafanyia upasuaji wagonjwa arobaini wa kwanza kati ya themanini walioandikishwa. Nikaandika programu ya JavaScript ya kuiomba hifadhidata namba zote zisizozidi 40. Lakini namba hizo nilizihifadhi na kuzipeleka kama maneno, si kama hesabu. Maneno hupangwa kama kwenye kamusi, herufi ya kwanza kwanza. Basi 5 mpaka 9, zikilinganishwa na ile 4 ya 40, zikaonekana kubwa kuliko 40, zikaachwa. Walitoka watu thelathini na watano. Sikuwahesabu. Nikaibandika orodha mlangoni.

Asubuhi hiyo akaja nyanya mmoja kutoka Ndanai, ameshikwa mkono na binti yake aliyebeba mtoto mgongoni. Kadi yake ilikuwa namba tisa.

"Hauko kwa orodha, Kogo," nikamwambia, nikimwita nyanya kwa lugha ya kwao. "Na mashine haikosei."

"Kijana, hiyo tisa iko nyuma ya arobaini?"

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka.

Kosa nililigundua madaktari wakiwa wameshaondoka. Nikaenda Ndanai kuomba msamaha, nikamkuta amempakata mjukuu, anampapasa pua kwa vidole. Alinikaribisha mursik, maziwa yaliyogandishwa kwenye kibuyu, nikanywa nikiwa nimeinamisha kichwa.

"Sisi mtoto tunamwitia majina ya wazee waliotangulia mpaka apige chafya," akasema. "Hapo ndio tunajua jina limefika. Wewe uliita watu, lakini hukungoja chafya."

Madaktari waliporudi mwaka uliofuata, nilimwandika wa kwanza. Hakuja. Alikuwa amezikwa miezi miwili nyuma, na uso wa mtoto yule hakuwahi kuuona. Majuto ni mjukuu, na wangu nimemlea mpaka nimeota mvi. Natamani hata leo aingie pale mlangoni na kadi yake, nimwambie, "Kogo, pita."

Basi sikia, mwanangu. Ukipeleka kitu kwenye hifadhidata, kitambulishe: hii ni hesabu, hili ni neno, hii ni tarehe. Jibu likirudi, lihesabu. Na mtu akikuuliza swali mlangoni, usimcheke, itazame kadi yake. Mungu akujalie subira ya kungoja chafya, na kila unayemwita akufikie angali hai.