Bakuli Lililokatwa Kwenye Video

Saa tatu asubuhi sufuria inachemka, na anayeisimamia anachemka kuliko sufuria.

Bi Subiri amesimama mbele ya jiko la gesi, aproni imefungwa mafundo mawili kiunoni, mwiko mkononi. Sukari, maziwa na siagi vinapanda na kushuka, rangi inaanza kufanana na chai ya maziwa iliyokolea. Pembeni, juu ya kigoda, kuna bakuli la bluu lenye maji baridi. Anachota tone moja kwa ncha ya mwiko, analidondosha kwenye bakuli, anasubiri kidogo, kisha anatumbukiza vidole majini na kulikusanya.

Tone linakuwa gololi laini. Analibonyeza, linabonyea bila kuvunjika. Anazima moto.

"Umeliona bakuli?" anamuuliza mwandishi wa gazeti hili. "Liandike. Andika ni la bluu, andika lina maji, andika lipo hapa miaka kumi na tisa. Maana kuna mtu alikuja na kamera, akakaa saa tatu, na bakuli hakuliona."

Ana miaka hamsini na mbili, na hiki chumba cha nyuma cha nyumba yake ndicho kiwanda. Kila siku hupika trei mbili za tofi laini za maziwa, zile zinazoyeyuka mdomoni bila kung'ang'ania meno. Kila trei hukatwa vipande sitini na vinne, husambazwa kwenye maduka matatu ya jirani, na ikishatolewa gharama ya sukari, maziwa na gesi, kinachobaki mkononi ni kama theluthi moja ya mauzo. Theluthi hiyo imesomesha watoto wawili.

Jina alipewa na wateja. Trei haikatwi mpaka ipoe, kwa hiyo kila anayebisha hodi mapema hujibiwa neno moja kutoka ndani: subiri. Mwisho wakaacha kumwita kwa jina lake.

Kazi alifundishwa na shangazi yake, mpishi wa shule ya bweni, mwanamke ambaye, kwa maneno ya Bi Subiri, alikuwa na mkono mwepesi wa kupika na mwepesi zaidi wa kupiga. Kwanza, tone lipimwe kwenye maji baridi, kamwe si kwa kuonja. Sufuria ikishaepuliwa isiguswe, isitikiswe, hata ikiwa nyumba inaungua, mpaka kitako chake kiweze kushikwa na kiganja. Ndipo unapoanza kukoroga, na unakoroga mpaka ule mng'ao ufe.

"Ukikoroga ya moto unapata mchanga," anasema. "Unatafuna sukari kama umeanguka barabarani mdomo wazi. Kutoka moto mpaka kwenye trei ni saa moja na nusu. Shangazi hakuwa na njia ya mkato, na alikuwa mvivu kweli kweli. Ingekuwepo angeipata."

Wiki sita zilizopita alifika mwanamume mmoja nadhifu, aproni yake haina hata doa, anayejiita Mpishi Mwepesi kwenye mtandao. Alimsifu, akamwita mama, akampaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Bi Subiri hakudai chochote. Alifurahi, anakiri, hata alibadilisha kitambaa cha kichwa mara mbili.

Siku nne baadaye video ikatoka: "Tofi za Bi Subiri, Rahisi, Dakika Kumi." Urefu wake haufiki dakika moja. Mwandishi ameitazama mara saba, na kila mara hasira inapanda. Sukari inaingia, maziwa yanaingia, inachemka. Halafu, mara moja, vinaonekana vidole vya Bi Subiri vikiviringisha gololi ya tofi. Halafu trei, halafu vipande, halafu Mpishi Mwepesi anafumba macho kwa utamu.

Zile dakika arobaini na tano za kupoa hazipo. Bakuli la bluu halipo. Kwa asiyejua, mwanamke yule ametia vidole ndani ya sufuria inayochemka na kuchota.

Waliotazama wamepita laki mbili. Wengi walipika wakapata mchanga, na lawama zikaja kwa mwenye jina. Mmoja alimsimamisha sokoni akamwita mchoyo aliyeficha siri. Hayo, anasema, angeyameza.

Asiloweza kulimeza limeketi kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango. Ni mwanamke, fundi cherehani wa nyumba ya tatu, jirani yake wa miaka mingi. Vidole vitatu vya mkono wake wa kulia vimefungwa bandeji nyeupe.

"Nilitaka kumfanyia dada ujanja," anasema fundi, akicheka kwa aibu. "Nipike, nimletee, nimwambie leo onja na wewe vya watu. Nikaangalia video, nikaona vidole vyake hivi hivi, nikasema kumbe ndivyo anavyofanya. Nikatia. Sukari si maji, jamani. Maji yanakuunguza yanaondoka. Hii inakushika."

Alitaka kukung'uta, ikahamia kidole cha pili. Akaifuta kwa kidole cha tatu. Hospitali waliondoa tofi pamoja na ngozi.

Leo ni siku ya kumi na nane. Ni msimu wa sare za shule, wakati ambao fundi huyu hushona sare nne kwa siku. Cherehani imefunikwa shuka, na vitambaa vya watu vimechukuliwa kimoja kimoja, kwa pole nyingi, kupelekwa kwa mafundi wengine. Daktari amesema kidole cha shahada huenda kisirudishe hisia zote, na fundi asiyehisi sindano si fundi.

"Yule wa kamera kachuma janga, wa kulila ni sisi," anasema Bi Subiri. Sauti imeshuka. "Lakini vidole vilivyomdanganya mdogo wangu ni vyangu. Ni vyangu! Nimevaa pete ya marehemu mume wangu, unaiona kabisa. Kila nikiiangalia ile video naona mkono wangu unamwita aje aungue."

Anachotaka ni kidogo. Video iondolewe, au irudishwe na bakuli lake, kabla hajaungua mtu mwingine. Amempigia Mpishi Mwepesi mara tano. Leo, sufuria ikiwa imeepuliwa na kuwekwa mezani ipoe, anapiga mara ya sita, na anaweka simu kwenye sauti kubwa ili kila mtu asikie.

"Mama yangu!" inaitikia sauti changamfu. "Video yetu bado inapaa!"

"Mwanangu, kuna mtu ameungua. Nimekwambia. Itoe."

"Mama, pole sana kwa huyo dada. Lakini mtu mzima si anajua sufuria ni ya moto?"

"Umemwonyesha mkono wangu ukitoka kwenye sufuria. Bakuli umelipeleka wapi?"

"Yale ni mambo ya uhariri, mama. Watu hawana saa moja na nusu. Watu wana dakika. Nikiweka bakuli na kusubiri, wanahama."

"Basi wahame na vidole vyao!"

Bi Subiri anazunguka meza. Kama mshipa wa shingo ungekuwa kamba, nguo zingeanikwa. Anamwambia kwamba tofi ya haraka ipo na yeye si adui wake: maziwa mazito ya kopo, chokoleti, moto mdogo, mimina, weka kwenye friji, haimuunguzi mtu. "Kwa nini hukufundisha hiyo, na kwa jina lako?"

"Jina lako linavuta, mama," anajibu Mpishi Mwepesi, bila hata haya.

Ni hapo ndipo Bi Subiri anapofanya jambo ambalo hajalifanya kwa miaka kumi na tisa. Anaukamata mwiko, anautumbukiza kwenye sufuria ambayo bado inatoa mvuke, na anakoroga. Anakoroga kwa nguvu, huku akimwita yule bwana majina ambayo gazeti hili haliwezi kuyachapa.

"Dada!" fundi anapiga kelele. "Sufuria!"

Simu imekatwa upande wa pili. Bi Subiri anautoa mwiko na kuutazama. Tofi imekwisha kuwa nzito na kufifia, imejaa punje. Anaweka kidogo kwenye sahani, anapuliza, anaonja, na meno yanasikika yakisaga.

"Mchanga," anasema. Halafu, kwa hasira ambayo haina pa kwenda: "Mimi. Mchanga. Shangazi yuko kaburini anatafuta mwiko wa kunipigia."

Fundi anaanza kucheka, anajizuia, anashindwa. Bi Subiri anamkodolea macho. Kisha naye bega linatikisika, ingawa machozi yanayomtoka si ya kicheko peke yake.

Anavuta kigoda, anakaa, anafuta uso kwa aproni. Wapishi wengi, anaeleza baadaye, wangemwaga. Lakini tofi iliyogeuka mchanga hurudi. Unaongeza maji kikombe kimoja, unairudisha kwenye moto mdogo mpaka kila punje iyeyuke, na unaanza safari upya, tone kwa bakuli, bila kuruka hatua.

"Ila inataka uanze upya kweli," anasema. "Haikubali nusu."

Anasimama. Anamimina maji. Kabla ya kuwasha moto anageuka kwa fundi.

"Simu yako ina nafasi?"

"Nafasi ya nini?"

"Ya saa moja na nusu."

Hivyo ndivyo mpango ulivyozaliwa, mbele ya macho ya mwandishi, na Bi Subiri anautaja kama mtu anayetangaza vita. Atarekodi mwenyewe, mwanzo mpaka mwisho, bila kukata. Ataanza na sufuria ya mchanga, aseme wazi kuwa aliiharibu kwa hasira. Ataweka ile video ya Mpishi Mwepesi pembeni ya yake, na kuandika juu kwa herufi kubwa kwamba ile inaunguza. Hadi tunachapa, wenye maduka yale matatu wameshakubali kubandika kwenye mitungi yao ya tofi karatasi yenye onyo hilo. Laki mbili hatazipata, anajua. "Nikimpata mmoja kabla hajatia kidole, inanitosha. Siku hiyo nitavua hii hasira."

Fundi anashika simu kwa mkono wa kushoto, na vidole vya bandeji vinaishikilia kwa chini. Moto unawaka. Punje zinayeyuka. Bakuli la bluu limewekwa mbele kabisa, linajaza nusu ya picha. Tone linaanguka majini, vidole vyenye pete vinalifuata humo humo, na Bi Subiri anayainua maji kwa kiganja ili yaonekane yakidondoka.

Halafu sufuria inaepuliwa, inawekwa mezani, na hakuna kinachotokea.

Dakika tano zinapita. Kumi. Sufuria inapoa. Fundi anahamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine.

"Dada, hapa hakuna kitu cha kuonyesha," ananong'ona. "Nizime kidogo?"

Bi Subiri hageuki. Amekunja mikono kifuani, macho kwenye kamera.

"Thubutu," anasema. "Vuta kiti ukae. Watasubiri."