Saini ya Mfumwa

Babu yangu aliitwa Mfumwa, neno ambalo kwa Kipare maana yake ni chifu, ingawa uchifu ulishafutwa na serikali kabla baba yangu hajaanza shule. Chifu wa mwisho upande wetu wa Mamba alikuwa baba yake. Babu alirithi jina bila kiti, na kilichomfanya aendelee kutawala ni maji.

Juu ya kijiji kuna ndiva, bwawa la udongo na mawe lililojengwa na watu wa zamani. Maji ya kijito hujikusanya humo usiku kucha, asubuhi mlango wake hufunguliwa nayo yakashuka kwa mfereji hadi mashambani. Hayatoshi watu wote kwa siku moja, kwa hiyo kuna zamu, na anayepanga zamu ndiye anayeamua tangawizi ya nani itanenepa na ya nani itanyauka. Babu alipanga zamu kwa zaidi ya miaka arobaini. Hakuna aliyemchagua, na hakuna aliyewahi kumuuliza ataacha lini.

Mimi nilizaliwa chini tambarare, kijiji cha Kisiwani. Baba yangu, kitinda mimba wa Mfumwa, alioa binti wa wafugaji, na babu hakushuka kuja harusini. Alituma neno tu: kama ameamua kuoa huko, basi akanywe maji pamoja na ng'ombe. Baba alibaki huko huko, akalima mahindi na kufuga mbuzi wachache, na sikuwahi kumsikia akimsema vibaya mzazi wake. Tukilalamika alikuwa na jibu moja.

"Mfumwa hakosei. Wanaokosea ni wanaomzunguka."

Halafu angetusimulia jinsi babu alivyomkatia maji mkewe mwenyewe, mwaka wa ukame, kwa sababu bibi alifungulia mfereji kabla ya zamu yake. Nilikua nikiamini kwamba mlimani kuna mtu mmoja wa haki, na kwamba sisi tulitengwa naye kwa bahati mbaya tu.

Nilipokuwa tayari mwalimu wa shule ya msingi Same, babu aliteleza uani akaumia nyonga. Baba hakupanda kumwona, alisema hajaitwa. Nikaanza kupanda mimi, kila Jumamosi ya pili, kwa gari la asubuhi mpaka chini ya mlima, kisha kwa bodaboda. Nyumbani kwa babu alikuwa anaishi baba mkubwa, mwanawe wa kwanza, mtu mrefu mkimya ambaye ujanani alikuwa karani. Ndiye aliyemlisha mzee, akamwogesha, akamgeuza kitandani.

Na ndiye aliyemsemea. Hilo niliona tangu siku ya kwanza. Nilimwamkia babu, "Shikamoo babu," na kabla hajaitikia baba mkubwa akasema, "Mzee anasema marahaba, karibu." Nikauliza kama maumivu yamepungua. "Mzee anasema yamepungua." Babu aliangalia ukuta. Nililetewa makande, nikala huku naangaliwa mdomoni, na nilipomaliza nikaambiwa mzee amechoka. Jumamosi zilizofuata zilikuwa hivyo hivyo. Sikuachwa naye peke yangu hata kwa muda wa kunywa kikombe cha chai.

Siku moja, nikishuka kwenda kutafuta usafiri, mama mmoja mjane aliyelima chini kabisa ya mfereji alinisimamisha. Mkononi alikuwa na shina la tangawizi, majani yamekuwa ya njano.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwalimu. Tazama. Hili lilitakiwa linifike kiunoni." Alilitupa chini. "Zamu yangu ilikuwa Jumanne tangu mume wangu yu hai. Sasa nimepewa Jumapili asubuhi, saa ya ibada. Nikienda kanisani nakosa maji, nikienda kumwagilia wanasema nimeasi. Na mashamba ya baba zako wakubwa yanapata zamu mbili kwa wiki."

"Nani amepanga hivyo?"

"Karatasi inasema Mfumwa." Akasogea karibu, akashusha sauti. "Hebu niambie ukweli, mwanangu. Babu yako bado yupo?"

"Yupo. Nimetoka kwake sasa hivi."

"Sijauliza kama anapumua."

Kumbe kijiji kizima kilikuwa kinaulizana hivyo. Hakuna aliyemwona mzee tangu aanguke. Walisikia tu, "Mfumwa amesema," na karatasi ikabandikwa kwenye mlango wa ghala la kikundi cha wakulima. Nilikwenda kuiona. Ilikuwa orodha ya zamu iliyoandikwa kwa mwandiko safi, na chini yake saini. Nikaipiga picha kwa simu.

Nilikuwa na barua moja tu ya babu, aliyoniandikia nilipochaguliwa kwenda chuo cha ualimu. Ilikuwa na mistari minne, ya kuniasa nisiaibishe ukoo. Niliporudi Same niliitoa sandukuni nikailaza kando ya simu. Mwalimu huzoea kujua nani amemwandikia mwenzake zoezi. Saini ya barua ilitetemeka, ikashuka mwishoni kama njia ya mlimani. Ya kwenye orodha ilisimama wima, imekandamizwa kwa nguvu, bila mtetemo hata mmoja. Mzee wa umri ule, aliyelala kitandani na nyonga mbovu, ameandika vizuri kuliko alivyoandika akiwa mzima?

Tangu hapo nilishuku kila kitu. Niliposikia babu analala mchana kutwa, nilijiuliza anapewa nini. Jumamosi iliyofuata nilijifanya natafuta kijiko, nikafungua kabati na kusoma kopo la vidonge. Vilikuwa vya shinikizo la damu, na idadi iliyobaki ililingana na tarehe iliyoandikwa. Badala ya kutulia nikawaza kwamba vingine vimefichwa. Nilihesabu mara ngapi baba mkubwa alitoka nje kupokea simu. Niliona viatu vipya miguuni mwake nikaviwekea maana. Nilipokutana na yule mjane nilimwonyesha picha mbili, ya barua na ya orodha, nikamtumia kwenye simu yake. Sikusema neno "kughushi." Nilisema tu, "Mama, wewe mwenyewe linganisha."

Alilinganisha. Wiki haikuisha, kijiji kizima kikawa kimelinganisha. Wakapanga kukutana kwenye uwanja wa ndiva, na baba mkubwa akaitwa aje ajibu.

Siku mbili kabla ya mkutano huo, nikiwa likizo, nilipanda nikamkuta baba mkubwa amekwenda msibani kijiji cha pili. Babu alikuwa ameketishwa uani kwenye jua, blanketi magotini. Nikaangalia njia kama mwizi. Nikachuchumaa mbele yake.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Umefika mapema leo."

Sauti ilikuwa kavu, lakini ilikuwa sauti ya mtu mwenye akili zake. Nilimuuliza ni siku gani, akanitajia siku na mwezi, akaongeza kwamba mvua za vuli zimechelewa na ndiva imepungua ngazi tatu. Nikaona nisizunguke. Nikamwonyesha picha ya orodha.

"Babu, hii saini ni yako?"

Aliisogeza simu mbali, akakunja macho. "Mkono ni wa baba yako mkubwa. Wangu haushiki kalamu tena."

"Kwa hiyo amekughushi."

"Nani kakuambia?" Alinitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu nianze kupanda mlima ule. "Mkono ni wake. Neno ni langu. Zamu hizo nimezipanga mimi, moja moja, nikiwa nimelala mle ndani."

"Yule mama mjane umempa Jumapili saa ya ibada."

"Najua nimempa nini."

"Na baba zangu wakubwa mara mbili kwa wiki?"

Kuku alipita, akamfukuza kwa mguu wake mzima. "Wewe mwalimu, nitakuambia, maana umeuliza. Wanangu hawajui kulima. Mmoja aling'oa mibuni ya baba yangu akapanda kitu ambacho hata jina lake hakulijua. Mwingine ni wa kilabuni. Huyu wa kwanza anajua kuandika tu. Nikifa leo watakaa wiki ngapi kabla hawajauza mashamba? Watu nimewapa haki miaka yote hiyo. Wangu niliwapa nini? Nikaona nimalizie kwao."

"Mbona baba mkubwa hataki uonwe na watu?"

"Mimi ndiye sitaki. Mfumwa haonekani akibebwa kama mtoto."

Nilikuwa na swali moja ambalo sikulipanga. Lilitoka lenyewe. "Na baba yangu je? Yeye si mwanao?"

"Baba yako alijua kulima," akasema. "Ningemrudisha hapa, watu wangesema huyu ndiye Mfumwa. Mimi bado nikiwa hai."

Nikamwambia angeweza kumwita hata sasa. Akavuta blanketi. "Mfumwa hamwiti aliyemfukuza." Halafu akafumba macho, na safari hii alikuwa ameniaga mwenyewe, bila mtu wa kumsemea.

Nilikaa nyuma ya nyumba muda mrefu. Nilikuwa nimetamani sana mkosaji awe baba mkubwa. Nilimtafuta mwizi ili mfalme abaki safi, kama nilivyofundishwa nyumbani, na kwa tamaa hiyo nilikuwa nimemwashia mtu moto. Ndipo nilipoiangalia upya hata ile hadithi ya bibi kukatiwa maji. Mkewe alikatiwa, ndiyo. Sikuweza kukumbuka hata hadithi moja ambamo mwanawe alikatiwa.

Siku ya mkutano watu walikaa kwenye ukingo wa ndiva. Baba mkubwa alikuja na shati lake la kanisani. Yule mjane alimwonyesha karatasi.

"Hii umeandika wewe?"

"Nimeandika mimi."

"Na saini?"

"Ni mimi."

Kelele zikapanda. Mtu akamwita mwizi wa maji, mwingine akauliza baba yake amemkosea nini hata atumie jina lake akiwa hajiwezi. Nilingoja aseme. Ilikuwa sentensi moja tu, neno ni la mzee, na angepona. Hakuisema. Aliangalia maji, mikono nyuma, na nikatambua kwamba asingeisema hata wakimpiga.

Nikasimama. Nikasema nilizungumza na babu, ana akili timamu, na zamu alizipanga yeye. Baba mkubwa aliandika alichoambiwa. Nikasema pia kwamba picha zile nilizisambaza mimi kabla ya kuuliza.

Mzee mmoja wa kanisa akainuka na fimbo yake. "Mtoto wa nyikani amekuja kumtukana Mfumwa mbele yetu!" Wengi waliitikia. Niliona nyuso za watu waliokuwa wamekaa vizuri na hasira yao, nami nimewavuruga. Kumkasirikia karani kulikuwa rahisi. Kumkasirikia mtu aliyewagawia maji tangu wakiwa watoto kulimaanisha wajiulize walikuwa wanaogopa nini muda wote.

Yule mjane ndiye aliyenyanyua mkono. "Mimi nilikwenda kwa Mfumwa mara mbili kabla hajaanguka, nikalalamika kwamba wanawe wanafungulia maji nje ya zamu. Aliniambia nishukuru kwa hiyo Jumanne yangu. Sikuwaambia, maana niliona mtasema namsingizia." Akakunja karatasi. "Binti hajatukana mtu. Mzee abaki na jina lake, tutamheshimu. Maji tuyapange wenyewe."

Walibishana mpaka jua likawa kali, wakachagua kamati ya watu watano, na mjane akiwemo. Wapo walioondoka bila kuniaga, na wengine hawaniitikii salamu mpaka leo.

Baba mkubwa alinisindikiza hadi njia panda. Bodaboda ilipotokea kwenye kona, akaniuliza.

"Kwa nini ulisema?"

"Kwa sababu ndio ukweli, baba mkubwa. Na mimi ndiye niliyekuponza."

"Ningeubeba tu mzigo huo," akasema. "Nimeubeba tangu sijaoa." Halafu akanipa mfuko wa tangawizi nimpelekee baba yangu.

Baba alinikasirikia. Alisema mtoto hamvui nguo babu yake hadharani, hata kama ana ukoma chini yake. Mfuko hakuufungua kwa siku tatu.

Babu aliishi mpaka mvua za masika zilipoanza. Tulipanda wote kumzika, na kwa baba ilikuwa mara ya kwanza kukanyaga ule ua tangu aoe. Mchungaji alimsifu marehemu kwa uadilifu wake. Nilimtafuta baba mkubwa kwa macho. Alikuwa anaangalia udongo. Ndugu zake wawili walikuwa wameanza kuulizana mpaka wa shamba hata kabla ya chakula.

Tukiwa tunashuka kwa miguu kwenda kusubiri gari, baba alisimama akajifanya anafunga kamba ya kiatu.

"Siku ile uliyoongea naye," akasema, "alinitaja?"

"Alikutaja."

"Alisemaje?"

"Alisema ulijua kulima."

Alingoja. Mama alikuwa ametangulia, kitenge chake kinaonekana kwenye kona ya chini.

"Ndiyo hilo tu?"

"Ndiyo hilo tu, baba."

Aliendelea kunitazama, kamba ya kiatu bado mkononi, na nilijua hajaniamini.