Nilivyomketisha Dereva Nyuma ya Bendera

Namshukuru Mungu aliyenijalia mvi nyingi, ingawa akili ya kulingana nazo bado naingoja.

Wiki iliyopita nchi tatu zilikutana hapa Mwanza kwa sababu ya magugu maji yanayoziba ziwa letu. Mimi, mzee wa kanisa, niliombwa kuwapokea wageni ukumbini. Katibu wa mkutano alinionya: "Babu, kila dola ina kiti kimoja mbele, nyuma ya bendera yake. Iwe kubwa au ndogo, zote ni sawa. Tukikosea hapo, wataona tumewadharau, wataondoka."

Nikamjibu kwamba nimeshapokea maaskofu, sihitaji kufundishwa. Kiburi gani hicho!

Kutoka nchi jirani wakaingia wawili, kijana mwembamba na mzee mwenye mvi. Kwetu mkubwa hutangulia, basi nikamshika mzee mkono hadi kwenye bendera.

"Mzee mwenzangu, hapa si pangu," alininong'oneza.

"Unyenyekevu unakupamba. Keti!"

Kijana naye akaanza, "Shikamoo mzee, samahani..."

"Marahaba. Wakubwa wakiketi, vijana husubiri. Kaa kule mlangoni."

Akaenda, akaketi.

Katibu akatangaza, "Sasa tumsikilize mheshimiwa waziri, anayesema kwa niaba ya serikali ya jirani zetu."

Mzee wangu hakuinuka. Alinionyesha funguo za gari. Kule mlangoni kijana akasimama, akafunga kifungo cha koti, akaniuliza mbele ya ukumbi mzima, "Mzee, sasa naruhusiwa kupita?"

Msomaji wangu, Mungu akujalie mvi, na masikio yanayosikia kabla hazijaota.