Siri Niliyoipigia Foni Bunia

Nyie mnaopenda kujua mambo ya watu, hili nawapa bure. Nilitoka Kigoma kwenda Bunia kumwona dada yangu Zaina, vita ikanikuta hukohuko. Risasi zikilia namwambia, "Jifungie chumbani, mlango naulinda mimi."

Mumewe alikwama Ariwara. Simu hakuna, ila foni: redio ya kuongelea, ya betri ya gari, waya wake umefungwa juu ya mparachichi. Nilikizunguka kile chombo kama kuku aliyeona kioo. Sauti inafikaje Ariwara kwa waya unaoishia mtini?

"Finya hapa, usema," akanielekeza mama mwenye foni. "Ukimaliza, sema 'à vous', ni zamu yao, uachie."

Zaina nikamwacha nje, nikafunga mlango. Yule mama akacheka. "Papa, unafunga mulango ya nini?"

"Kuna siri," nikamjibu, nikafinya. "Shemeji, rudi upesi! Mkeo anadhani nalinda mlango, kumbe risasi ya kwanza tu niko chini ya kitanda. À vous!"

Nikaachia. Kisha ikatoka sauti ya mwanamke nisiyemjua, kubwa kama kengele ya kanisa: "Hapa Mahagi, si Ariwara. Siye wote wenye foni tumekusikia. Huko chini ya kitanda kuko nafasi ya mutu mwingine? À vous."

Kabla sijajua pa kuficha uso, Zaina akachungulia dirishani.

"Kaka, mjibu chini ya kitanda kumejaa. Nafasi iko mlangoni."